Watarudi Wapi?

4 Agosti

Kasuku wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Sisi huku wazima, ukiliacha goti langu la kulia, ambalo siku hizi linajiamulia mambo yake bila kuniuliza. Wewe hujambo? Nasikia huko baridi inauma, na kwamba mnakaa kwenye kibanda cha vioo kutwa nzima na vidude masikioni. Kunywa tangawizi. Fundi cherehani akiumia kidole anaweza kushona kwa kingine, lakini mkalimani akipoteza sauti ndiyo basi tena.

Simu bado zimekufa. Wageni waliizima minara wakati wa mapigano ya mwezi wa tatu, na nadhani wamesahau swichi ilipo. Barua hii nampa dereva wa lori la dawa anayevuka mpaka kila wiki. Ni mtu mwaminifu, kasoro yake ni kwamba anaimba.

Sasa habari. Alhamisi iliyopita nusu ya kambi ya askari wageni ng'ambo ya daraja iliondoka. Unakumbuka walipokuja walisema wanakaa miezi sita? Wewe ulikuwa hujajua kufunga kamba za viatu, na shule yako ndiyo wakaifanya kambi. Leo una mvi, usinikatalie, niliiona mwenyewe ulipoaga. Basi malori yalipita hapa mbele ya duka langu asubuhi nzima, na watu wamesimama vibarazani kimya, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kufurahi. Muoka mikate ndiye aliyevunja ukimya. Alitoa mikate ya jana bure, na mtu yule kutoa kitu bure ni habari kubwa kuliko malori.

Wanasema hiyo ni dalili ya nia njema iliyotoka mezani kwenu. Kama ni kweli, basi huko kuna watu wenye akili, nami nilikuwa nimeshakata tamaa nao.

Ninashona suruali ya Mlingoti. Unajua mwanangu alivyopanda milimani siku ile aliyonikuta nabandika viraka kwenye magwanda ya wageni. Alisema hawezi kula chakula cha uzi ule. Mimi nashona kinacholetwa dukani, ningekula nini, hasira zake? Miaka minane sasa hajaniletea hata neno moja. Lakini mkimaliza mazungumzo yenu, walio milimani watashuka, na sina haja nyingine na meza yenu: nataka mwanangu ashuke akiwa hai.

Kitambaa ni kaki nzito. Nimekiloweka usiku kucha ili kirudi, kipungue chote kabla sijakikata, maana kitambaa kisichorudi kwanza humuumbua fundi baadaye. Urefu nimeukisia. Alipoondoka alikuwa na miaka kumi na saba, na suruali zake zote zilikuwa zinaning'inia juu ya kifundo cha mguu. Nimeacha upindo mkubwa, nitaufungua nikimwona.

Waambie hao watu wamalize.

Shangazi yako

13 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imefika ikinuka dawa ya mbu, nikaisoma nikiwa nimesimama koridoni. Pole na goti. Lifunge kitambaa cha moto, na usilipandishe ngazi ya dukani mara ishirini kwa siku kama ninavyokujua. Mimi mzima, sauti imekwaruza kidogo tu. Na mvi si mvi, ni vumbi la safari.

Nikueleze meza yenyewe. Upande mmoja yuko mkuu wa ujumbe wa wageni, sisi kibandani tunamwita Jenerali Miwani kwa sababu huivua kila anapotaka kusema uongo. Katikati yuko Mheshimiwa wa serikali yetu, ambaye anapenda sana kahawa. Upande wa pili ni mzee mmoja wa watu wa milimani, zamani alikuwa mwalimu wa hesabu, na bado anawaangalia wote kana kwamba hawajafanya kazi ya nyumbani. Wiki ya kwanza waligombania nani aingie mlangoni kwanza. Mwenye hoteli akachoka, akafungua mlango wa jikoni, sasa wanaingia kwa pande mbili na kukutana kwenye viti.

Ugomvi mkubwa ulikuwa washauri. Wageni walikubali kuondoka, lakini wakataka kuwaacha washauri. Mwalimu akauliza mshauri mwenye kifaru anashauri nini. Hilo nililitafsiri kwa raha zangu zote.

Leo wamekubaliana, Shangazi. Wote wanaondoka, washauri na vifaru vyao. Tamko la Kiswahili nimeliandika mimi mwenyewe, nikalifanya fupi ili redio isilikatekate: "Majeshi yote ya kigeni yatarudi kabla ya mvua." Watalisoma keshokutwa jioni. Hati yenyewe itatiwa saini mwezi ujao.

Kuna sharti moja, na hili waambie majirani. Jenerali amesema ikilia risasi moja pale darajani, anafunga mabegi yake na kambi inajaa upya. Mwalimu naye hana njia ya kuwafikia wenzake milimani isipokuwa redio hiyo hiyo. Basi mtulie, muwe wapole kama mko msikitini au kanisani, mpaka saini ipigwe.

Huyo ndugu yangu umwachie upindo wa kutosha. Namkumbuka akigonga kichwa mlangoni kila asubuhi na kuulaumu mlango.

Binti yako, Kasuku

16 Agosti

Kasuku,

Salamu zipokee, za afya tutaulizana siku nyingine. Dereva amewasha gari na ananisubiri huku anaimba.

Redio imesoma tamko jana jioni. Nilikuwa dukani na muoka mikate na mwenye duka la vyombo. Msomaji akasema majeshi yote ya kigeni yatarudi kabla ya mvua. Tukatazamana. Muoka mikate akaketi chini kwenye marobota yangu. Barua yako ilikuwa bado haijafika, imefika leo asubuhi, na nimeisoma mara tatu, na hata baada ya kuisoma nakuuliza wewe uliyeandika: watarudi wapi?

Elewa, mwanangu. Kwa mtu aliyekaa huko mezani, wageni wanarudi kwao. Lakini sisi huku tumewaona kwa macho yetu wakiondoka nusu, juzi tu, malori mbele ya mlango wangu. Mtu akikuambia aliyeondoka atarudi, wewe unaelewa nini? Na mimi kwenye kazi yangu kurudi ni kitambaa kupungua, kwa hiyo kwa dakika moja hivi nilidhani watapunguzwa. Ndani ya duka moja tulikuwa watu watatu na maana tatu, na iliyoshinda ni ile mbaya.

Mtaa umepagawa. Watu wanafunga magodoro juu ya mikokoteni. Kibaya zaidi, milimani nao wana redio. Leo alfajiri muuza maziwa amewaona vijana wameshuka hadi ukingo wa miti, wengi, na silaha. Wanasema wamesalitiwa, na kwamba watalishika daraja kabla wageni hawajarudi. Waliobaki kambini nao wameona miti inatembea, wameelekeza mizinga huku.

Nimewaonyesha watu barua yako. Wameniambia barua ya binti yako si redio ya taifa. Wana haki.

Basi nimejifunga kibwebwe. Nachukua cherehani ya mkono, ile ndogo, na kiti, nakwenda kukaa katikati ya daraja. Risasi ya upande wowote itabidi inipitie mimi na oda zangu. Wewe fanya kazi yako huko, na uifanye haraka. Maneno ni yako, yarekebishe.

Shangazi yako

19 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa. Sijapata barua yako wiki hii, nami nakuandikia bila kujua nini kimetokea.

Hapa hali imechafuka ghafla. Jenerali amepokea taarifa kwamba watu wa milimani wamelizingira daraja. Mwalimu anaapa hajui chochote, na mimi ninayemtafsiri namwamini. Mheshimiwa anamshuku Mwalimu, Mwalimu anamshuku Jenerali. Mabegi ya wageni yamepangwa koridoni. Kila mtu anauliza kwa nini, wiki ileile tuliyowapa walichokipigania miaka yote.

Tafadhali usikaribie daraja. Kaa ndani, funga mlango wa duka.

Kasuku

21 Agosti, darajani

Kasuku wangu,

Hujambo? Mimi mzima na nimeungua na jua kama mkate wa juu tanurini. Nakuandikia nikiwa nimeegemea cherehani, kwa hiyo mwandiko usiucheke.

Siku ya kwanza nilikuwa peke yangu, na nilikuwa na hofu, sikufichi. Uzi niliutunga mara sita kabla haujapita tundu la sindano. Askari wa zamu upande wa kambi alinipigia kelele kwa lugha yake, nami nikampigia kelele kwa yangu, tukatoshana. Upande wa miti akatoka kijana mmoja na bunduki, akaniambia kwa adabu, mama, toka, hapa patawaka. Nikamwambia ninangoja jibu la barua. Akauliza barua gani. Nikamwambia, kuna neno moja limekosewa, na aliyelikosea nimemlea mwenyewe, atalirekebisha. Akanitazama kama mtu anayetazama hesabu asiyoielewa. Nikamwambia akawaambie wakubwa wake hivi: wakilitaka daraja, wasubiri nimalize oda.

Siku ya pili alikuja muoka mikate na kiti chake. Sikutegemea. Akasema biashara imekufa, bora akae penye upepo. Kisha mke wa mwenye duka la vyombo, kisha wakunga wawili wa zahanati, kisha sikuhesabu tena. Mikokoteni mingine imefunguliwa magodoro, yako hapa darajani, watu wanalalia. Usiku kambi inatumulika kwa taa kubwa, jambo ambalo limenisaidia sana kwenye kushona mifuko.

Sasa nikueleze la jana. Yule kijana mwenye adabu alitoka tena mitini saa sita, jua la utosi. Akainama karibu nami, akasema kwa sauti ndogo: "Kuna mtu kule juu anasema mama atoke juani."

Nikauliza mtu gani. Akasema hajaruhusiwa kutaja. Nikauliza ni mrefu? Akacheka kidogo, akaziba mdomo.

Miaka minane, Kasuku, na neno la kwanza ni kuniamrisha nitoke juani. Nililia hapohapo, mbele ya muoka mikate na kila mtu, na sioni aibu. Halafu nikajifuta nikamwambia yule kijana: "Mwambie ashuke anitoe mwenyewe. Lakini ashuke mikono mitupu." Akaenda. Hakuna aliyeshuka. Ila jioni nilikuta mwavuli umeegemezwa kwenye nguzo ya mwisho ya daraja, upande wa miti.

Barua yako ya kunikazania nifunge mlango imenifika leo kwa mkono wa dereva mwingine. Duka nimelifunga, niko huku nje. Fanya haraka, mwanangu. Vijana wanasema wakubwa wao wamevumilia vya kutosha, na watangoja mpaka Jumapili tu.

Shangazi yako

24 Agosti

Shangazi,

Shikamoo, na unisamehe. Neno ni langu, limetoka mkononi kwangu, na nililiona zuri kwa sababu lilikuwa fupi.

Barua yako ya tarehe kumi na sita ilikwama mpakani, ikafika juzi asubuhi, nikaingia nayo kibandani bila kuifungua. Niliifungua Mheshimiwa alipokuwa anakoroga kahawa. Niliposoma "watarudi wapi" masikio yalinilia kengele. Jenerali alikuwa ameanza kusema, anawatuhumu watu wa milimani kwa hila, nami natafsiri, na katikati ya sentensi yake nikanyamaza. Wote wakageukia kioo. Mkalimani akinyamaza, ukumbi mzima unakuwa kiziwi.

Nikabonyeza kitufe nikasema: "Huyu sasa ni mimi ninayesema, si Jenerali."

Nikasema kwa lugha zote mbili. Kisha nikatoka kibandani na barua yako mkononi, jambo ambalo haturuhusiwi hata moto ukiwaka, nikaenda mezani. Nikachora daraja kwenye karatasi, kambi huku, miti kule, duka lako hapa. Nikawaambia kwamba sentensi tuliyoipeleka inasema wageni wanakuja tena. Jenerali hakuelewa, kwao ni maneno mawili tofauti, hayakaribiani hata kidogo. Mwalimu ndiye aliyeelewa kwanza. Alicheka, kisha akaziba uso kwa viganja. Mheshimiwa aliuliza nani amenipa ruhusa ya kusema. Nikamjibu, shangazi yangu.

Basi wakakaa upya kwa ajili ya maneno. Mwalimu akataka yasemwe matatu: wataondoka kwetu, waende kwao, wasije tena. Mawili ya kwanza yalipita kabla ya chakula. "Tena" ilikula jana nzima. Jenerali akasema jeshi haliwezi kutia saini milele. Mwalimu akasema bila neno hilo vijana wake hawatatoka mitini, na yeye mwenyewe angekaa nao. Nilikuwa nimerudishwa kibandani, kwa sababu mwenzangu sauti ilikwisha, na nikawa natafsiri "tena" na "tena" mpaka ikawa haina maana masikioni mwangu.

Leo asubuhi Jenerali aliniita pembeni. Aliuliza yule mwanamke bado yuko darajani. Nikasema sijui, ila namfahamu, atakuwepo. Akauliza anashona nini. Nikamwambia suruali, ya mwanawe aliye milimani. Akavua miwani. Nikajiandaa kusikia uongo. Akaifuta, akaivaa, akasema neno libaki.

Redio itatoa tamko jipya leo jioni, na Mwalimu atalisoma mwenyewe kwa sauti yake ili milimani waitambue. Sina njia ya kukufikishia barua hii kabla ya hapo. Uwe hai utakapoisoma.

Mkuu wa wakalimani amechukua kitambulisho changu. Anasema kibanda ni cha sauti za watu wengine, nami nimetia yangu. Ana haki, na sijuti. Nitakaa hapa mpaka saini, halafu sina kazi.

Kasuku

15 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Hati imetiwa saini juzi, kalamu ziligawiwa kama pipi. Redio inasema kwetu ni shwari. Lakini dereva amekuja mara mbili mikono mitupu, na nikimuuliza anasema daraja limejaa watu, hakukuona mtu na cherehani.

Nimeacha kuuliza kuhusu goti. Niandikie neno moja tu, lolote.

Binti yako

22 Septemba

Kasuku wangu,

Salamu kwako na pole kwa kukutia presha. Sikuandika kwa sababu baada ya darajani nilishikwa na homa ya jua, nikalala, na wakunga walininyang'anya kalamu na sindano. Sasa mzima. Goti pia, limeona aibu.

Jioni ile tulisikiliza redio darajani, ya muoka mikate, betri zikiwa zinakufa. Mwalimu alisoma taratibu kama imla. Alipofika "wasije tena" watu walisogea wakaizunguka redio. Mtu mmoja alisema rudia, kana kwamba redio inasikia, na kweli akarudia. Mitini tukasikia vyuma vinalazwa chini.

Wageni wamemaliza kuondoka Jumanne. Yule askari wa zamu aliyekuwa ananipigia kelele alisimamisha lori mbele ya duka, akanionyesha kifungo kimekatika shatini. Nilikishona palepale, kwa uzi wa mara mbili, ili asiache kwangu kitu chochote cha kumrudisha. Shule iko wazi. Ina matundu na inanuka mafuta ya magari, ila ubao wenu bado uko ukutani.

Na Ijumaa vijana walishuka. Mimi nilikuwa nimejiandaa, nimepanga maneno ya kumrudi mtoto huyu, miaka minane ya maneno. Nikasikia kichwa kimegonga mlango wa duka. Sikusema hata moja. Nilichukua futi nikampima, kwa sababu mikono ilikuwa haijui pa kwenda, naye akasimama wima kama alipokuwa mdogo. Halafu akauona uzi wa gwanda kwenye meza, ule ule wa wageni, akauchukua akauangalia. Akasema: "Huu ndio ulionishonea suruali?" Nikamwambia ndio, uzi ni uzi. Akaivaa.

Ni fupi, Kasuku. Nimefungua upindo wote na bado inaning'inia juu ya kifundo. Nimemwambia nitashona nyingine, amekataa, anatembea nayo mtaani hivyo hivyo na watu wanamcheka.

Ulitaka neno moja. Amerudi, na mara hii hakuna aliyeuliza wapi. Sasa bado wewe. Chumba chako nimekifagia, na dereva nimeshamlipia nafasi ya mbele, utamvumilia akiimba.

Shangazi yako